Tovuti ya Fedha Iwe Fupi na Iweze Kukaguliwa

Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha wananchi kwa njia ya mtandao bila leseni, ikazipiga marufuku. Programu za namna hiyo hazichagui mji wala kijiji. Hufika katika simu ileile ambayo mchuuzi wa Soko la Kilombero hupokelea malipo, mzazi wa Usa River hulipia karo, na mkulima wa miteremko ya Mlima Meru hungojea fedha za kahawa yake.

Hapo ndipo linapozuka swali la kiufundi ambalo pia ni swali la maadili: kampuni halali ya huduma za fedha ijengeje tovuti yake, ili mwananchi aweze kuitofautisha na ya tapeli? Jibu la haraka ni kwamba ipambwe ivutie. Jibu hilo halitoshi. Tovuti ya fedha yafaa iwe fupi, iwe nyepesi, na kila dai lake kubwa liweze kuhakikishwa mahali pengine nje ya tovuti yenyewe.

Sura nzuri si ushahidi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika intaneti, hata hivyo, kibaya nacho hujipamba. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu 2,684 walioulizwa ni kitu gani huwafanya waiamini tovuti. Katika kila maoni 100 yaliyotolewa, takriban 46 yaligusia sura: rangi, mpangilio, ukubwa wa herufi. Ni dhahiri kwamba mwanadamu huamini kwa macho kabla ya kuamini kwa akili.

Udhaifu huo ulipimwa tena mwaka 2006. Dhamija, Tygar na Hearst waliwaonyesha watu 22 tovuti mbalimbali, wakawataka waseme zipi ni za kweli na zipi ni za bandia. Tovuti bandia iliyoigizwa kwa ustadi kuliko zote iliwadanganya asilimia 90 ya watu hao, ingawa walijua kwamba wamewekwa pale kutafuta udanganyifu. Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini funzo lake ni kubwa: anayetegemea sura peke yake hana kinga.

Wako wanaotegemea alama ya kufuli iliyozoeleka kando ya anwani ya tovuti. Alama hiyo huonyesha kwamba njia iliyopo kati ya simu na tovuti imefungwa kwa maandishi ya siri, asiweze mtu wa katikati kuyasoma. Haisemi lolote juu ya tabia ya yule aliye mwisho wa njia. Barua iliyotiwa lakiri yaweza kutoka kwa mwizi vilevile. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 hati za kuwezesha ulinzi huo hupatikana bila malipo, na tapeli naye huzichukua. Kwa sababu hiyo kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama ya kufuli mwezi Septemba 2023, ili watu wasidhani kwamba salama ya njia ni uaminifu wa mtu.

Uzito wa ukurasa

Ukurasa uliojaa picha na michoro inayocheza unaweza kufikia megabaiti 2, yaani megabiti 16. Mahali ambapo simu hupokea kilobiti 400 kwa sekunde, ukurasa huo huchukua sekunde 40 kufika. Ukurasa wa maandishi wenye kilobaiti 50 huchukua sekunde moja tu. Anayeishi bondeni mbali na mnara wa simu hulipa tofauti hiyo kwa muda wake na kwa kifurushi chake, naye ndiye mwenye fedha kidogo kuliko wote.

Wala ufupi si jambo geni kwa Watanzania. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na mwananchi huifikia hata kwa simu ya vitufe kwa kubonyeza *150*00#. Menyu za aina hiyo hazibebi zaidi ya herufi 182 kwa wakati mmoja. Hazina picha wala rangi, na bado mamilioni ya watu wamezikabidhi akiba zao. Kampuni ya Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliwauzia wananchi umeme wa jua kwa malipo madogo madogo ya simu. Kilichomridhisha mteja hakikuwa mapambo ya ukurasa, bali malipo yaliyofika na taa iliyowaka.

Yanayostahili kuwamo

Tovuti ya kampuni ya fedha haina budi kueleza mambo machache, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka: jina kamili la kampuni na namba ya leseni yake, mahali ofisi ilipo na simu inayopokelewa na mtu, huduma inayotolewa, gharama yake yote, taarifa zinazotakiwa kwa mteja na sababu ya kuzitaka, na mahali pa kupeleka malalamiko endapo kampuni haitasikiliza.

Gharama ndiyo jaribio kuu la unyoofu. Tuseme tovuti inatangaza mkopo wa shilingi 100,000 kwa siku 14, na “ada ndogo” ya shilingi 15,000. Ada hiyo ni asilimia 15. Katika mwaka mna vipindi 26 vya siku 14. Mkopaji anayerudia mkopo huo mwaka mzima atakuwa amelipa asilimia 390, yaani shilingi 390,000 kwa kutumia zile laki moja tu. Kampuni nyoofu huandika hesabu hiyo waziwazi, kwa herufi zilezile zilizotangaza mkopo.

Uchache unahusu taarifa pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mkopeshaji anayedai kuona majina yote yaliyohifadhiwa katika simu ya mteja anajitafutia silaha ya kumwaibishia mbele ya ndugu na majirani atakapochelewa kulipa. Kisichohitajika kwa kazi kisiombwe.

Hoja ya wapinzani

Yupo atakayesema kwamba ukurasa mfupi ndio rahisi kuigizwa. Hoja hii ina uzito. Tapeli anaweza kunakili maneno mia mbili kwa dakika moja, na hata namba ya leseni ya mwenzake. Lakini hawezi kuliingiza jina lake wala anwani yake katika orodha ya Benki Kuu, wala kufungua mlango wa ofisi isiyokuwapo. Ndiyo maana ufupi peke yake hautoshi: maneno machache yawe ni yale yanayomwongoza msomaji kwenda kuuliza kwingine. Benki Kuu nayo ingefanya vyema kuhakikisha kwamba orodha ya wenye leseni, pamoja na anwani za tovuti zao, inafunguka upesi hata katika simu duni.

Kazi ya shule

Katika nyumba nyingi za Arusha na Meru, mwanafunzi ndiye msomaji wa simu ya familia. Yeye ndiye anayeulizwa kama ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” ni wa kweli. Mwalimu wa hisabati na aligeuze tangazo la mkopo kuwa swali la asilimia. Mwalimu wa kompyuta naye awape wanafunzi kazi ya kutunga ukurasa wa kilobaiti 50 usioficha kitu. Kati ya vijana hao watatoka watakaoingia Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Uhasibu cha Njiro, au Taasisi ya Nelson Mandela, na kesho wao ndio watakaozijenga tovuti hizo. Wajifunze mapema kwamba mteja haombwi kuamini tu. Anapewa njia ya kuhakikisha.