Malale Yametangazwa Kwisha, Mbung'o Je?

Mnamo tarehe 8 Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imefaulu kuutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma, ikawa nchi ya 10 kuipata sifa hiyo. Hapana shaka hiyo ilikuwa habari ya kufurahisha. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa akiwa mkazi wa humu nchini aligunduliwa mwaka 2009, na mnamo 2012 wakapatikana wageni wawili walioambukizwa katika mbuga ya Maasai Mara. Kwa ugonjwa ulioua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, huo si ushindi mdogo.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno kabla ya kuyapokea. Shirika halikusema kwamba malale yamekwisha. Lilisema kwamba yamekoma kuwa tatizo la afya ya umma, na baina ya kauli hizo mbili mna pengo kubwa. Kauli ya kwanza ingekuwa na maana kwamba kimelea hayupo tena. Kauli ya pili ina maana kwamba wagonjwa ni wachache mno, au hawapo, na kwamba ulinzi lazima uendelee. Katika mazungumzo ya mitaani, kauli hiyo ya pili imekwisha kufupishwa ikawa ya kwanza. Na mfugaji anayeambiwa kwamba malale yamekwisha, ana haki ya kuuliza: mbona basi ng'ombe wangu wanaendelea kufa?

Swali lake lina mantiki, maana hapa Kenya tumezoea kulitumia neno moja kwa magonjwa mawili. Malale, neno lililotokana na kitenzi kulala, ni ugonjwa wa binadamu, na jina lake linaeleza hali ya mgonjwa anayeshikwa na usingizi usio wa kawaida. Ugonjwa wa mifugo huitwa nagana, neno tulilolipata kutoka lugha ya Kizulu. Ng'ombe mwenye nagana halali usingizi. Homa yake hupanda na kushuka, damu humpungua, hukonda hata mbavu zikahesabika, maziwa hukauka, na aliye na mimba huweza kuiharibu. Mfugaji anayetafuta dalili za usingizi kwa mnyama wake atangoja sana, na huku mnyama anakwisha. Magonjwa yote mawili huletwa na vimelea waitwao tripanosoma, na huenezwa na mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Tangazo la mwaka 2025 lilihusu ugonjwa wa kwanza tu.

Sisi tunaokaa Eldoret tumebahatika. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,100, na baridi ya Uasin Gishu haimpendezi mbung'o. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ulaya hustawi hapa. Lakini mtu akifika Iten na kuteremka ukingo wa Elgeyo, katika muda usiofika nusu siku atakuwa amefika katika Bonde la Kerio, ambako joto na vichaka humfaa mdudu huyu. Mbele kidogo, huko Baringo, yapo maeneo ya Ziwa Bogoria yenye tatizo lilo hilo. Takwimu za baraza la KENTTEC, lililoundwa mwaka 2012 ili kuwaangamiza mbung'o, zimekuwa zikieleza kwamba wadudu hawa wanapatikana katika kaunti 38 kati ya 47. Si suala la pembe moja ya nchi.

Mwanafunzi atauliza kwa nini hapajapatikana chanjo miaka yote hii, ilhali David Bruce alikwisha kuonyesha, katika miaka ya 1890 huko nchi ya Wazulu, kwamba mbung'o ndiye anayeeneza nagana. Jibu limo katika hila ya kimelea mwenyewe. Mwili wake umefunikwa kwa tabaka la protini mithili ya koti. Kinga ya ng'ombe ikishalitambua koti hilo na kuanza kuwaua vimelea, baadhi yao huwa wamekwisha kuvaa koti jingine, na kinga hulazimika kuanza upya. Kabati la kimelea huyu lina makoti mamia kwa mamia. Ndiyo sababu homa ya mnyama hupanda na kushuka, na ndiyo sababu chanjo imewashinda wataalamu hata leo.

Kwa hiyo mfugaji amebaki na dawa chache tu, ambazo nyingi ni za tangu miaka ya 1950, hususan diminazini na isometamidiamu. Dawa hizo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Anayetoa nusu ya kipimo ili chupa moja iwatoshe ng'ombe wengi, huwaua vimelea dhaifu na kuwaacha wale wenye nguvu wazaane. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa umekwisha kuthibitishwa katika sehemu nyingi za Afrika.

Msomaji asidhani kwamba watafiti wetu wamekaa bure. Taasisi ya KETRI, iliyokuwa Muguga kabla ya kuunganishwa na KARI mwaka 2003, ilifanya uchunguzi katika ranchi ya Galana miaka ya 1980. Ilidhihirika kwamba ng'ombe wa aina ya Boran waliofugwa na Waorma wa Mto Tana waliustahimili ugonjwa kuliko Boran wa ranchi waliokuwa wameboreshwa kwa ajili ya nyama. Wafugaji wale walikuwa wamekaa na mbung'o kwa vizazi vingi, na mifugo yao ilikuwa imechujwa na maradhi yenyewe.

Kituo cha icipe nacho, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kiliunda huko Nguruman mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi unaomnasa mbung'o kwa rangi na kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe. Baadaye watafiti wa kituo hicho walimchunguza kuro, mnyama wa porini ambaye mbung'o humwepuka japo wanaishi naye kichaka kimoja. Waliichambua harufu ya kuro, wakaitengeneza upya, wakaitia katika kichupa kinachofungwa shingoni mwa ng'ombe. Majaribio yaliyofanywa Shimba Hills, Kwale, yalionyesha kwamba ng'ombe waliovikwa harufu hiyo waliugua kwa kiwango kidogo mno kuliko wenzao.

Ushindi mkubwa zaidi ulipatikana Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997, madume ya mbung'o yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa miale yaliachiliwa kutoka angani kwa wingi. Jike la mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja kwa wakati. Likipandwa na dume tasa, uzazi wake umekatika. Mbung'o wakatoweka kisiwani. Lakini Unguja imezungukwa na bahari. Bonde la Kerio halina bahari, wala Busia haina ukuta baina yake na Uganda. Eneo likisafishwa leo na la jirani likaachwa, kesho wadudu hurejea.

Wala si mbung'o peke yake anayesafiri. Kimelea wa malale wa Afrika Mashariki huweza kujificha ndani ya ng'ombe asiyeonyesha dalili yoyote. Mwaka 1998 malale yalizuka katika wilaya ya Soroti, Uganda, mahali ambapo hayakuwa yakijulikana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba yaliingia pamoja na ng'ombe walioletwa mnadani kutoka maeneo yenye ugonjwa. Funzo lake kwetu ni bayana. Maadamu kinga ya binadamu imo katika afya ya ng'ombe, kumsahau ng'ombe kwa kuwa binadamu amepona ni kuufungua tena mlango tulioufunga kwa taabu.

Hapa ndipo ninapoona wajibu wa watu wa lugha. Elimu hii yote niliyoidokeza imeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mfugaji hayaoni na mwalimu wake hana. Maelezo ya kitaalamu kuhusu dawa nayo aghalabu ni ya Kiingereza. Tunamtaka mfugaji apime uzito, afuate kipimo, na atofautishe ugonjwa mmoja na mwingine, lakini hatujampa hata majina yasiyogongana. Maneno hatukosi: malale kwa mtu, nagana kwa mnyama, mbung'o kwa mdudu, na chafuo kwa yule inzi mwingine aumaye ambaye huko kaskazini hueneza ugonjwa wa ngamia ulio wa ukoo huo huo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa makini, darasani, redioni na katika mabaraza ya machifu.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza bila kungoja waraka kutoka wizarani. Somo la ufahamu linaweza kuwa juu ya nagana kama linavyoweza kuwa juu ya sungura na fisi, na mwanafunzi wa Marakwet akalipeleka nyumbani kwa babake jioni ile ile. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za tasnifu nao wana kazi inayowangoja: kukusanya majina ya maradhi ya mifugo katika lugha zetu, na kuyalinganisha na istilahi za kisayansi, ili daktari wa mifugo na mfugaji wazungumze juu ya kitu kimoja.

Serikali, kwa upande wake, isilichukue tangazo la mwaka 2025 kuwa kisingizio cha kupunguza fedha za mitego, dawa na utafiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kenya imepewa cheti cha afya ya watu wake. Mifugo iliyo bondeni bado haijapewa, na ni juu yetu kulieleza jambo hilo kwa maneno yanayoeleweka.