Shukrani isiwe njia ya kumnyamazisha mwanafunzi

Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry la Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika kwa jirani zetu Kenya, nao unatuhusu moja kwa moja sisi wa Moshi. Wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi uliokithiri waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kujisomea. Jingine, chini ya mpango uitwao Shamiri, lilijifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, likafanya mazoezi ya shukrani na kutafakari mambo linayoyathamini. Vikao vilikuwa vinne tu, saa moja kwa wiki, na walioviongoza ni vijana waliomaliza sekondari karibuni, wala si madaktari. Makundi yote yalipata nafuu, ila la Shamiri lilipata zaidi, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye. Kweli, shukrani ilikuwa sehemu moja tu ya mpango huo. Lakini tangu mwaka 2003, Emmons na McCullough walipowapa wanafunzi wa chuo Marekani kazi ya kuandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, ushahidi umeendelea kuonyesha faida, ingawa ndogo.

Wapo watakaosema watoto wa Soweto hapa Moshi wanashukuru tayari, kanisani na msikitini. Ni sawa, na huo ni msingi mzuri. Zoezi la shukrani linaongeza umahususi: mwanafunzi anamtaja aliyemsaidia, jambo alilotendewa na siku yenyewe, na akili iliyozoea kuhesabu hofu za mtihani wa Novemba inapata kitu kingine cha kushika. Zoezi hilo linaweza kuambatana na la kutulia: kukaza misuli na kuilegeza taratibu, njia aliyoieneza daktari Edmund Jacobson karne iliyopita, kunafanyika darasani kwa dakika chache bila kifaa chochote.

Pingamizi zito ni jingine, kwamba shukrani inaweza kumnyamazisha mwenye kero, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi wa chuo ambaye fedha za Bodi ya Mikopo zimechelewa, au wa sekondari anayechapwa kila akikosea hesabu, tatizo lake si kukosa shukrani. Kumwambia ashukuru wakati huo ni kumdhulumu mara ya pili. Kwa hiyo zoezi lisitolewe kamwe kama jibu la malalamiko, na mwenye sonona kali apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, asiachiwe daftari la shukrani. Ila kusubiri mpaka kero zote ziishe ndipo tuwafundishe vijana kutulia, ni kuwanyima msaada wanaouhitaji muhula huu.

Moshi ina rasilimali ambayo miji mingi haina: wanachuo wa vyuo vikuu vya Ushirika, Mwenge na KCMC wanaoishi jirani na sekondari zetu, wakiwazidi wanafunzi hao miaka michache tu. Hao waongoze vikao kama vile vya Shamiri. Manispaa ianze na shule mbili au tatu, ipime hali za wanafunzi kabla na baada, kisha itangaze matokeo, hata yakiwa hafifu.