Mgeni Huipata Amri Kwenye Barieri

Kwa Ofisi ya Meya wa Mji wa Bunia,
Jimbo la Ituri

Mheshimiwa Meya,

Naomba niwasemee watu ambao hawana kura wala kartie, yaani mtaa wao, katika mji huu: wageni.

Sisemi watalii wenye kamera shingoni. Hao ni wachache, na sababu tunazijua. Tangu 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi wa état de siège, na barabara ya kwenda Epulu kuwaona okapi inapita Komanda, ambako usiku wa kuamkia 27 Julai 2025 waumini waliuawa kanisani. Wageni ninaowasemea ni mama mfanyabiashara aliyeteremka kutoka Aru na mizigo yake, kijana wa Mambasa aliyekuja kuanza chuo, Mganda anayefuatilia deni, mgonjwa aliyeletwa na nduguye kutafuta daktari. Ni watu wa kila siku, na hakuna anayewaambia mji huu unakwendaje.

Ukitaja usalama wa mgeni, wengi hufikiria bunduki. Bunduki zipo, lakini mtu huweza kuumia Bunia kwa jambo dogo kuliko hizo. Uganda, Kenya na Tanzania magari hupita kushoto. Kwetu hupita kulia. Aliyekulia Kampala akitaka kuvuka Boulevard de Libération hutazama kulia kwanza, kama alivyozoea tangu utoto, na moto, yaani pikipiki ya abiria, inamjia kutoka kushoto. Tena magari mengi tunayopanda yameingia kwa njia ya Uganda: usukani uko kulia, na mlango wa abiria wa minibasi unafungukia kushoto, yaani katikati ya barabara. Mwenyeji kabla ya kushuka huchungulia nyuma. Mgeni hushuka kama ashukavyo kwao: anatanguliza mfuko, anafuata mguu, halafu anamvuta mtoto. Maneno machache yaliyopakwa rangi kwenye ukuta wa parkingi yangetosha kumwonya.

Saa nayo ina matata yake. Bunia iko nyuma ya Kampala kwa saa moja. Tangazo la Kifaransa likiandika 18h00, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, na simu ya Mganda ambayo haijabadilishwa inamwonyesha saa moja usiku. Sasa ikitoka amri ya kusimamisha moto usiku, mwenyeji huisikia kwa Radio Candip, kwa Radio Okapi au kwa jirani. Mgeni huipata kwenye barieri, yaani kizuizi cha barabarani, mbele ya askari, bila kujua Kifaransa wala Lingala, na pengine kadi yake ya utambulisho ameiacha kwenye begi alikofikia.

Lipo jambo ambalo halibandikwi ukutani, ila ofisi yako inaweza kuwaomba wenye nyumba za wageni walifikishe kwa upole. Kwingine, kumuuliza mtu kabila lake ni kuanzisha mazungumzo tu. Hapa, Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo walipigania mji na watu waliuawa kwa sababu ya kabila, mpaka kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, Artémis, kilipofika mwezi uliofuata. Wazee wa Mudzipela na Nyakasanza hawajasahau. Kwa hiyo mgeni anayemuuliza dereva kwa kicheko, "Kartie hii ni ya kabila gani?", hajui amegusa nini, na dereva akinyamaza atamwona mtu wa kiburi. Vivyo hivyo kupiga picha daraja, uwanja wa ndege au wanajeshi: yeye anaona ni ukumbusho, mwenye zamu anaona ni upelelezi.

Juu ya pesa sitasema mengi. Dola na faranga zinatumika pamoja, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa hata na muuza sukari. Anayeingia na noti chakavu anaweza kulala njaa na dola mia mfukoni.

Kinachonikera zaidi ni malipo anayotozwa mgeni. Sipingi mji kulipisha; mji bila kodi hausimami. Ila bei isiyoandikwa popote huishi mdomoni mwa anayelipisha, na mdomo hupandisha kadiri viatu vya mgeni vinavyong'aa. Afisa mwaminifu naye huumia hapo, maana mgeni hana namna ya kumtofautisha na mjanja aliyevaa koti la kazi. Ibandikwe orodha yenye muhuri: malipo gani, ya nani, kiasi gani, na kwamba kila malipo yana risiti. Asiyetoa risiti atajulikana bila hata kushtakiwa.

Kwa upande wa moto, jirani ametuonyesha njia. Kigali kila dereva wa moto huvaa jaketi lenye namba, na abiria hupewa kofia ya chuma. Sisi hatuhitaji hata programu ya simu ya kuita moto kwa kuanzia. Vyama vya madereva vipo. Vikubaliane na ofisi yako juu ya jaketi zenye namba kubwa mgongoni, inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mama mwenye nyumba ya wageni ataiandika namba hiyo mgeni wake anapoondoka jioni. Dereva anayejua namba yake imeandikwa hapotezi njia kirahisi.

Najua jibu moja litakuja haraka: mji umejaa waliokimbia vita Djugu na Irumu, nani ana nafasi ya kuwafikiria wageni? Lakini aliyekimbia kijiji chake juzi akafika Bunia na watoto wanne ni mgeni kuliko wote. Naye hajui hospitali iko upande gani, moto ni bei gani, kartie ipi aepuke giza likiingia. Maandishi yale yale ya ukutani yatamsaidia.

Basi ombi langu ni hili. Vibao viwekwe uwanja wa ndege wa Murongo na kwenye kila parkingi ya magari ya Mahagi, Mambasa na Kasenyi, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza: bei, malipo halali, saa za amri, mahali pasipopigwa picha, namba za polisi na za hospitali. Na kila asubuhi redio zisome hali ya barabara kutoka ofisini kwako, ili msafiri asitegemee uvumi wa parkingi, ambako mwenye gari anayetafuta abiria hatasema kamwe kwamba njia ni mbaya.

Naomba unijibu kwa maandishi, na jibu libandikwe nje ya meri, yaani ofisi yako, mahali ambapo hata asiye na mwenyeji mjini anaweza kulisoma.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mkaaji wa Nyakasanza, Bunia