Eti masters ya uhandisi ni ya walimu

Kaa na mainjinia wa Mwanza jioni, Kirumba au Nyegezi, uwaambie unataka kurudi chuo kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi ujenzi. Utachekwa kabla hujamaliza. "Kumbe unataka ualimu?" Mwingine atadakia kwamba zege haliulizi vyeti. Imani hiyo imeota mizizi hadi ofisini: injinia hupikwa saiti, na digrii ya pili ni ya wanaotaka kushika chaki.

Hoja wanazo, na nawakubalia mapema. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikudai masters. Inataka digrii ya kwanza na miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi, ndipo usajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Halafu tasnifu nyingi zenyewe zinawapa wabezaji silaha. Mwanafunzi anagawa madodoso kwa makandarasi, anauliza kwa nini miradi inachelewa, anajibiwa kwamba malipo yanachelewa, jambo ambalo hata mlinzi wa saiti analijua. Anachora chati za rangi, anavaa joho. Masters ya namna hiyo mimi siitetei.

Ninachopinga ni dhana iliyojificha chini ya kicheko chao, kwamba ukikaa saiti muda wa kutosha utaona kila kitu. Kando ya Ziwa Victoria hilo haliwezekani. Kati ya 1961 na 1964 maji ya ziwa hili yalipanda zaidi ya mita mbili. Yakashuka na kupanda kwa miaka mingi, na kufikia 2006 yalikuwa chini kuliko yalivyowahi kuwa kwa miongo kadhaa. Kisha zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, na Mei 2020 ziwa likavuka rekodi ya 1964. Sasa piga hesabu: injinia aliyeanza kazi 1970 akastaafu 2010, miaka arobaini ya saiti, hakuiona hata moja kati ya rekodi hizo mbili. Huyo ndiye atakayekufundisha gati lijengwe kwa kimo gani? Atakuonyesha alama ya maji anayoikumbuka yeye, nawe utajenga juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja.

Ziwa linapimwa tangu mwisho wa karne ya 19, na takwimu zipo. Kuzisoma ni kazi nyingine. Inabidi utenganishe mvua, mvuke unaopotea na maji yanayoachiwa Jinja, Nile inakotoka ziwani, kisha ukadirie kimo kinachotarajiwa kuvukwa mara moja katika miaka hamsini au mia. Digrii ya kwanza inakugusisha tu mambo hayo kabla ya mtihani. Kuyamudu kunataka mwaka mzima wa kukaa nayo.

Ondoka ufukweni, panda vilimani. Mwanza ni mji wa mawe, na watu wamejenga juu ya mawe, kati ya mawe na chini yake. Mashine ya kuchoronga inashuka mita chache, inagonga jiwe gumu, foremani anatabasamu: tumefika mwamba. Huenda hamjafika. Itale ya huku imeoza kwa vipande. Unaweza kukuta jiwe kubwa kama chumba limekaa ndani ya udongo, na chini yake ni udongo tena. Ukisimamisha nguzo ya ghorofa juu yake umeisimamisha juu ya kitu kinachoweza kusogea. Fundi mzoefu hulihisi hilo, na namheshimu sana. Ila kuhisi hakumwambii uchoronge hadi wapi ndipo uamini, wala mteremko ule utabeba nini baada ya wiki mbili za mvua.

Vilima hivyohivyo vina mfano ninaoupenda zaidi, wa majitaka. Gari la kunyonya vyoo halifiki huko, na ukifuata vitabu vya zamani utataka mabomba mapana na mitaro ya kina ambayo mawe hayakuruhusu kuichimba. Mwanza imeanza kutumia mabomba membamba yanayopita kina kifupi kati ya nyumba na nyumba. Njia hiyo ilianzia Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna watu walikaa wakahoji kanuni yenyewe, wakaonyesha kwa hesabu kwamba hata bomba la milimita 100 linaweza kujisafisha. Ukibaki saiti tu unafuata kanuni iliyoandikwa kwenye mkataba, basi.

Nitatajiwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, takriban kilomita tatu, zaidi ya shilingi bilioni 700, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Vijana wetu walifanya kazi pale bila masters! Ndiyo, na walijifunza mengi. Lakini wakandarasi wakuu walikuwa kampuni za China, nao wanaondoka. Nyaya za daraja lile na misingi yake majini zitabaki kwetu, na siku kipimo kitakapoonyesha kitu kisichoeleweka, ni lazima awepo mtu wa kukisoma hapahapa.

Kwa hiyo simshauri kijana akimbilie uzamili kwa sababu amekosa ajira. Achafuke kwanza miaka mitatu, aandike kila kilichomshinda, ndipo aende Dar es Salaam, Mbeya au Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha na swali lake mkononi. Na waajiri waache kujificha nyuma ya methali za saiti. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanajua ni makalavati yapi yanazidiwa kila mvua kubwa ikishuka bonde la Mto Mirongo. Wamlipie mtu mmoja ada alitafutie jibu tatizo hilo, kwa mkataba kwamba akirudi atakaa kwenye usanifu, asiwekwe kuandika muhtasari wa vikao.