Mgonjwa wa Mfuko Naye Ale



Juma hili nasema juu ya ndugu zetu waliopasuliwa kwa ajili ya kansa ya utumbo, ambao choo chao sasa hutokea tundu la tumboni na kuingia katika mfuko. Wamo vijijini mwetu, ila wengi hujificha. Wako wasiotia kitu kinywani tangu Jumamosi jioni, ili Jumapili wasali Misa bila mfuko kujaa wala tumbo kunguruma.

Desturi hiyo ni mbaya. Mwili uliodhoofishwa na kansa wahitaji chakula, na kidonda hakiponi vema kwa njaa. Tena tumbo tupu ndilo linalozidisha upepo! Yafaa ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, kwa saa zake, akitafuna sana.

Majuma 6 hadi 8 ya kwanza apewe vyakula laini: uji, wali, viazi, ndizi, mayai, samaki. Baadaye aonje kingine, kimoja kimoja, aone tumbo linasemaje. Maharage, kabichi na vitunguu huleta upepo, lakini si mwiko. Kila tumbo lina tabia yake.

Aliyetobolewa utumbo mwembamba ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana hupoteza maji na chumvi nyingi. Maji matupu hayamtoshi. Chakula chake kitiwe chumvi, na choo kikizidi kuwa chepesi apewe maji ya ORS. Ajihadhari na mahindi ya kuchoma, nazi, karanga, uyoga na makapi ya machungwa, kwa kuwa huweza kuziba njia. Mfuko usipopokea kitu kwa saa kadhaa, tumbo likasokota na kutapika kukaanza, apelekwe hospitali mara moja, asingoje kesho. Wa utumbo mpana, kinyume chake, mara nyingi hufunga choo. Huyo, kidonda kikisha pona, mboga, matunda na maji humsaidia.

Na Kwaresima? Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Hata ile saa 1 kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa, wala wanaomwuguza.

Basi, enyi akina mama, mpakulieni pamoja na wengine. Ugonjwa huu hauambukizi. Kanisani akae karibu na mlango, apate kutoka na kumwaga mfuko kabla haujapita nusu. Nasi wa parokia tumwekee ndoo ya maji na sabuni chooni.