Elimu Isiondoke na Mwenyewe



Katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, mtaalamu wa Kimarekani Julian Orr alieleza jinsi mafundi wa mashine za fotokopi wa Xerox walivyojifunza kazi: yasiyokuwamo vitabuni waliyapata katika masimulizi ya wenzao walipokutana kula. Kampuni nayo ikaweka utaratibu: fundi aliandika alichogundua, mabingwa wenzake wakakihakiki, kisha kikaenezwa kwa wote kikiwa na jina lake.

Nasi ughaibuni tuna haja ya utaratibu huo. Mara nyingi ni mzee mmoja tu ajuaye kibali cha mazishi hutolewa wapi, nani wa kuosha maiti, na makaburi ya Waislamu yako wapi. Akihama au akifariki, wafiwa huanza upya, na maiti husubiri ilhali tumeamrishwa kuharakisha.

Twapendekeza kila jumuiya imkalishe mjuzi wake pamoja na kijana mwenye daftari. Mmoja aeleze, mwingine aandike, mjuzi wa pili asahihishe, na jina la mwelezaji litajwe. Mali bila daftari hupotea bila habari; elimu ni vivyo hivyo.