Mazungumzo ya Nyumbani: Kazi na Moyo wa Mtendaji

Mwezi huu twataka kujibu barua ya baba mmoja, fundi seremala, aliyetuandikia kwa uchungu. Asema ana vijana wanne katika karakana yake. Akiwapo hupiga randa kwa bidii; akitoka kidogo huketi kupiga porojo. Tena mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, alianza kufuga kuku kwa shauri lake mwenyewe, akauza mayai, akaweka akiba katika kopo. Baba alipopungukiwa na fedha za mbao alilitwaa kopo lile, akidhani ni haki yake, kwa kuwa kuku walikula pumba za nyumbani. Tangu siku ile mtoto hawatazami kuku, na baadhi yao wamekwisha kufa. Baba atuuliza: je, awaongeze vijana ujira, au azidishe ukali? Na mtoto huyu mvivu amfanyeje?

Twajua kwamba wengi wenu mna swali kama hili. Basi na tulitazame polepole.

Hapo zamani, karibu na mji wa Chicago katika nchi ya Marekani, palikuwa na kiwanda kikubwa kiitwacho Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric, kilichotengeneza vyombo vya simu. Tangu mwaka 1924 wakubwa wa kiwanda walitaka kujua kama taa zenye nuru zaidi zingewafanya watu watende kazi zaidi. Jibu halikuwa wazi, maana pengine taa zilipunguzwa na kazi isipungue. Mwaka 1927 wakawachagua wanawake sita, wakawaweka katika chumba cha peke yao. Watano waliunganisha viungo vidogo vya simu, na wa sita aliwapa vipande. Walipewa vipindi vya kupumzika na chakula kidogo asubuhi, na kwa muda fulani waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Waliulizwa maoni yao, na malipo yao yakafuata kazi ya kundi lao dogo, si ya umati mkubwa. Katika muda wa miaka miwili na zaidi kazi yao ilizidi kwa kadiri ya sehemu 30 katika 100.

Elton Mayo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona kwamba sababu kubwa ilikuwa kujaliwa na kushirikiana. Walakini wataalamu wa baadaye walimpinga. Walikumbusha kwamba malipo nayo yalibadilishwa, na kwamba mwaka 1928 wanawake wawili waliondolewa, wakawekwa wengine mahali pao. Kwa hiyo tusidhani kwamba maneno matamu peke yake yatosha. Mwenye njaa hashibi sifa.

Katika kiwanda kile kile, mwaka 1931 na 1932, walitazamwa wanaume 14 wa chumba kingine. Hawa walijiwekea kipimo chao cha kazi, na aliyekipita alidhihakiwa na wenzake. Kwa nini? Waliogopa kwamba wakizidisha kazi, bei yake itashushwa, au baadhi yao wataachishwa. Mtu aliyewatazama kutoka mlangoni angaliwaita wavivu, kumbe ilikuwa hofu.

Tena mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu 200 hivi wa Pittsburgh. Waliposimulia siku walizoifurahia kazi, walitaja kufaulu, kutambuliwa, kazi yenyewe, na kukabidhiwa madaraka. Waliposimulia siku za chuki, walitaja taratibu mbaya, usimamizi mbaya, na malipo yasiyo ya haki. Maana yake ni kwamba kuondoa manung'uniko ni jambo moja, na kuamsha moyo ni jambo la pili; yapasa kuyafanya yote mawili.

Sasa tuje kwa wanafunzi. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya kazi hiyo na matumizi ya mapato yake. Palipokuwa hivyo, mtoto aliweza kujifunza kupanga, kuhesabu na kujaribu. Lakini katika shule nyingine shamba liligeuka kuwa mahali pa adhabu, na mavuno yakaenda mtoto asikojua. Mtoto wa namna hiyo alijifunza kulichukia jembe.

Basi, ndugu yetu fundi, kwanza ulipe ujira kwa siku uliyoahidi, wala usishushe bei ya kiti kwa sababu kijana amekimaliza upesi. Pili, mpe kila mmoja kazi nzima, meza yake au kabati lake, tangu kupima hata kupaka rangi, apate kusema, "Hii nimeitengeneza mimi." Tatu, waulize jambo gani linawachelewesha, huenda ni msumeno butu tu. Utatujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, sifa za bure huharibu. Lakini kuitambua kazi njema iliyo mbele ya macho ni kusema kweli tu.

Habari ya mwanao twakuambia bila kuficha: mtoto huyu si mvivu. Aliamka alfajiri miezi mingi bila kuamriwa. Amekoma kwa sababu ameona kwamba jasho lake halina mwenyewe. Mrudishie fedha zake, hata kama ni kidogo kidogo, nawe umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Kisha mketi pamoja na daftari: pumba bei gani, mayai mangapi, sehemu ipi ni ya nyumba na ipi ni yake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuku waliokufa hawarudi. Lakini waliosalia wahitaji maji asubuhi ya kesho, nasi twatumaini kwamba atakayewapelekea ni mwenyewe.

Tukijaliwa, tutaendelea mwezi ujao.